Haki ya Aliye Pichani

Kazi yangu bora imefungwa kwenye makabati ya watu. Iko Kibokoni, iko Kuze, iko Majengo, na nyingine imevuka bahari hadi Maskati na Jeddah pamoja na wenyewe walioolewa huko. Mimi sina nakala hata moja. Mtu akitaka kujua uhodari wangu nitamwonyesha picha za paspoti, za mahafali ya wanafunzi, za duka la samani lililotaka tangazo. Zile ambazo moyo wangu unazijua kuwa ndizo, sitamwonyesha kamwe.

Napiga picha za harusi hapa Mombasa, na hasa usiku wa kupamba. Kwa msomaji wa bara ambaye hajawahi kuuona, huo ni usiku wa wanawake watupu. Bi harusi hukalishwa juu ya jukwaa akiwa amevikwa dhahabu, hina na piko zimepanda hadi juu ya viwiko, asumini kichwani, macho ameyainamisha. Ukumbini wanawake wamevua mabuibui na kuyatundika au kuyakunja mapajani, na nguo zilizokuwa zimefichwa ndani yake ndizo zinazong'aa. Mlangoni wanasimama mashangazi wawili watatu wakali, wanapokea simu za wageni na kuzitia mfukoni. Hakuna mwanamume, hakuna kamera isipokuwa yangu. Nikishazisafisha picha, albamu na kadi huenda kwa mama wa bi harusi, na kwenye kompyuta yangu hakibaki kitu. Ndilo sharti, na kwa sharti hilo naaminiwa.

Na mimi huyu, ambaye kazi yangu inafichwa, nimejifunza kwa watu ambao picha zao zimetundikwa Paris na kuonyeshwa kwenye televisheni za mataifa. Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo limeishi nami tangu nianze kuishika kamera kwa ajili ya mkate wangu. Kwa mpiga picha ninayemhusudu ninachukua nini hasa? Kama ninachochukua ni hamu ya kuonwa kama yeye alivyoonwa, basi kazi yangu haina maana, kwa kuwa haionwi. Na kama picha isiyoonwa na watu ina thamani, thamani hiyo inatoka wapi, na nani anayeipima? Nimelelewa katika dini inayotufundisha kwamba amali huzingatiwa kwa nia, na kwamba ria, yaani kutenda ili watu wakuone, huila sadaka na swala ya mtu mpaka isibaki kitu. Sijaona kwa nini kazi ya mikono isalimike na hukumu hiyo.

Nianze na Seydou Keïta, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kutazama mikono.

Alizaliwa Bamako, Mali, yapata mwaka 1921, akafunzwa useremala nyumbani kwao. Mwaka 1935 mzee mmoja wa ukoo wao alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak, akampa. Mwaka 1948 alifungua studio yake mtaa wa Bamako-Koura, karibu na stesheni ya reli, basi wasafiri wakishuka garini, wafanyabiashara, makarani, wake wa watumishi wa serikali, wote wakamjua. Alipiga uani, kwa mwanga wa jua, na kamera kubwa ya mbao yenye negativu za sentimita 13 kwa 18. Vifaa vilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi alimpiga mtu picha moja tu, akamaliza. Nyuma ya mtu alitundika kitambaa. Cha mwanzo kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye mapindo ya nyuzi. Kila baada ya miaka michache alibadilisha kitambaa, na uzeeni vitambaa hivyo ndivyo vilivyomsaidia kukumbuka picha ipi ni ya mwaka gani.

Kitabu cha picha zake niliazimwa na dada mmoja aliyenitangulia katika kazi hii, nikakaa nacho mpaka akakitaka kwa nguvu. Picha niliyoirudia zaidi ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950: mwanamume kijana, koti jeupe, tai, kalamu kifuani, miwani yenye fremu nene. Ameshika ua moja tu mbele yake, mkono umepanda kiasi cha kifua, vidole vyembamba vimelishika bua kama mtu aliyeshika kitu kinachoweza kulia. Haonyeshi ua. Hatabasamu. Uso umegeuka kidogo tu kutoka kwenye kamera, na macho yamerudi kukutazama. Nimewauliza wenzangu wa kazi, hivi huyu bwana ni nani? Karani? Mwalimu? Mtu anayetaka kuoa? Hakuna ajuaye. Jina lake halikuandikwa.

Studioni mwa Keïta kulikuwa na suti, saa za mkono, kalamu, redio, hata pikipiki, na mtu aliruhusiwa kuazima alichotaka. Wako wanaoona katika hayo udanganyifu: fundi cherehani ameshika redio isiyo yake, kijana amekaa juu ya pikipiki asiyoweza kuinunua. Mimi sioni hivyo hata kidogo. Mtu yule amekuja mwenyewe, kwa miguu yake, akalipa, akachagua. Amemwambia mpiga picha, mimi nataka nijulikane hivi. Keïta akamsikiliza, akamgeuza bega, akamwinua kidevu, akamrekebishia kilemba. Utu wa yule mtu haukuwa kwenye redio. Ulikuwa kwenye ile haki ya kuchagua, na kwa picha moja tu aliyokuwa nayo mkononi, Keïta aliilinda haki hiyo kwa bidii ambayo sijaiona kwa wengi.

Ndiyo maana nasema alinifundisha mikono. Usiku wa kupamba bi harusi haruhusiwi kufanya mengi. Amekaa, ameinama, anatazamwa. Watu wanadhani uso ndio picha. Lakini uso wa usiku ule umepakwa rangi mpaka dada zake wote wanafanana. Ukitaka kumjua huyu ni nani, tazama mikono. Yuko anayeifumbata ndani ya pindo la kanga aliyofunikwa mapajani, na kidole gumba kimesugua hina mpaka imeanza kuchujuka. Yuko anayeiacha imelala wazi, viganja juu, kama anayeomba dua. Yuko mmoja aliyekuwa ameshika, chini ya nguo zote zile, kikuba kilichonyauka cha siku ya nyuma, na hakutaka kukiacha. Nilipiga hiyo. Mama yake akaja kuniambia ile ndiyo picha ya binti yake, zile nyingine ni za mapambo. Najua kwamba bila yule bwana wa Bamako na ua lake, nisingetazama chini.

Kwa hiyo nimeiga? Hapa pana fitina kubwa na nataka niizungumze kwa makini, maana mabinti wanaokuja kujifunza kwangu wananiletea simu zao, wananionyesha mpiga picha fulani wa Dubai au wa Lagos, wanasema, dada, nataka nitoe picha kama hizi. Wanataka rangi yake, ukungu wake, ule mwanga wa machweo hata kama wanapiga saa sita mchana. Siwalaumu, aliyependa huanza kwa kufuata. Watoto wa chuoni huanza kwa kuifuata sauti ya maalimu kabla hawajajua wanachosoma. Lakini wanazuoni wetu walitenga kati ya mtu anayemfuata imamu bila kujua dalili yake na mtu anayeijua dalili akaifuata. Wa kwanza amesamehewa kwa sababu hajui. Ila hawezi kubaki hapo maisha yake yote ikiwa amejaliwa akili na muda wa kujifunza.

Na katika jambo hili tunaye mzee ambaye sisi wapiga picha tungepaswa kumsoma kuliko wote. Ibn al-Haytham alizaliwa Basra yapata mwaka 965 na akaishi Cairo mpaka kufa kwake yapata mwaka 1040. Ndiye aliyeandika kitabu kikubwa cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, akafanya majaribio ya mwanga unaopenya tundu dogo na kuingia chumba chenye giza. Chumba hicho, kwa ufupi, ndicho kamera. Kabla yake walikuwapo wakubwa wa Ugiriki waliosema kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kukishika kitu. Yeye akasema sivyo: mwanga hutoka kwenye kitu, ukaja kwenye jicho. Jicho hupokea.

Sitaki kuipita haraka hoja hiyo, kwa sababu kwangu mimi ni ya ibada kama ilivyo ya elimu. Ikiwa jicho ndilo linalotoa miale, basi kutazama ni kukamata. Ninakurushia macho, nimekutwaa. Ikiwa mwanga unatoka kwako kuja kwangu, basi mimi ndiye niliyepewa. Nimepokea kitu chako. Na mtu aliyepokea kitu cha mwenzake ana masharti juu yake, ya kukitunza, ya kutokipeleka pasipo idhini, ya kukirudisha kikitakiwa. Tunaiita amana, na Qur'ani imeitilia mkazo mkubwa.

Huyu huyu Ibn al-Haytham ameandika kitabu kingine, cha kumtilia shaka Ptolemy, mwanafalaki mkubwa aliyemtangulia kwa karne nyingi na ambaye alimheshimu sana. Humo anafundisha kwamba mtafuta haki si yule anayewasoma wa kale na kuwaamini kwa sababu ni wakubwa. Ni yule anayewashuku anapowasoma, na akajishuku na nafsi yake pia, asije akamwonea mtu wala kumpendelea. Nimelichukua fundisho hilo kuwa adabu yangu kwa mabwana wa picha. Ninampenda Keïta, basi ninamuuliza maswali. Ninamuuliza: ulimlinda aliyekuja na pesa yake, je, asiyeweza kuja?

Swali hilo ndilo linalonipeleka kwa Mohamed Amin, na huku mambo ni magumu.

Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na mwaka 1963, akiwa bado kijana mbichi, alianzisha hapo shirika lake la picha, Camerapix. Mwaka uliofuata alikuwapo kwenye habari za Mapinduzi ya Zanzibar. Baadaye akahamia Nairobi, na kwa muda wa miaka thelathini hapakuwa na jambo kubwa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika ambalo hakulifikia. Alipiga picha za Hija pia, na kitabu chake cha safari ya Makka kilitoka mwaka 1978. Katika nyumba nyingi za pwani, kabla ya televisheni za setilaiti, picha kama zile ndizo zilizowaonyesha mabibi zetu mahali walipopaelekea mara tano kwa siku na wasipate nauli ya kufika.

Lakini dunia inamjua kwa mji wa Korem. Oktoba 1984 alikwenda kaskazini mwa Ethiopia pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Njaa ilikuwa imeshaua watu wengi na serikali ya Addis Ababa haikutaka yaonekane. Kamera ya Amin ilipita alfajiri, taratibu, juu ya uwanda wa watu waliojifunika shuka, wengine wazima, wengine wameshakufa usiku ule. Kule Mekele ilionekana kazi ya muuguzi wa Msalaba Mwekundu aliyelazimika kuchagua katika mamia ya watoto ni wepi watakaolishwa, kwa kuwa chakula hakikutosha wote. Ripoti hiyo ilirushwa tarehe 23 Oktoba 1984, kisha ikarudiwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Misaada iliyomiminika baada yake, nyimbo zilizorekodiwa, tamasha kubwa la Julai 1985 kule London na Philadelphia, yote yalianzia kwenye ule mwendo wa taratibu wa kamera.

Hakuna mtu wa Korem aliyechagua kitambaa cha nyuma yake. Hakuna aliyeazima saa. Mama aliyemfunika mwanawe hakuulizwa anataka ajulikane vipi. Kwa mizani ya Bamako, Amin aliwanyima watu wale kila kitu ambacho Keïta aliwapa wateja wake. Na nimewasikia wasomi, tena wa kwetu, wakisema kwamba picha zile ziliitia Afrika katika fikra za watu wa Magharibi kwa sura moja, ya mtoto mwenye tumbo lililovimba na nzi machoni, na kwamba mpaka leo tunailipia sura hiyo. Wana haki ya kusema hivyo. Nimekutana na sura hiyo mimi mwenyewe, katika maswali ya wageni wanaoshuka kwenye meli za watalii pale Kilindini.

Bado nasema Amin alitenda haki. Nimelipima jambo hili kwa muda mrefu, na mizani yangu ni ile ile ya amana. Aliyekaa mbele ya Keïta alitaka picha, na haki yake ilikuwa kupigwa vizuri. Aliyelala Korem alikuwa anakufa kwa sababu hakuna aliyemwona. Haki yake kuu wakati ule ilikuwa kuonwa. Mwanga ulitoka kwake ukaingia kwenye lenzi ya Amin, na masharti ya mwanga ule yalikuwa kinyume na masharti ya ukumbi wangu: mimi nikizionyesha nimekhini, yeye angezificha angekhini. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wenzangu wanaotafuta kanuni moja ya heshima ya picha itakayofaa mahali pote. Uzuri wa picha hauamui, wala umaarufu wa mpigaji, wala hata huruma yake. Anayeamua ni yule aliye pichani, na hali aliyo nayo.

Na Amin alilipa. Juni 1991, ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, alipoteza mkono wake wa kushoto, na John Mathai, mwenzake aliyekuwa akirekodi sauti, akafariki pale pale. Alitengenezewa mkono wa bandia akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia aliyokuwa amepanda ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaangukia baharini karibu na ufuo wa kisiwa cha Ngazidja, Komoro. Walikufa watu 125 kati ya 175, naye akiwa mmoja wao. Simsifu kwa sababu alikufa vibaya. Wengi hufa vibaya. Namsifu kwa sababu mtu aliyepoteza mkono kwa ajili ya kazi, akarudi kwenye kazi ile ile, amenithibitishia kwamba alijiona ana deni kwa watu aliowapiga.

Natambua kwamba wapo ndugu zangu katika imani ambao mpaka hapa wamekasirika, kwa kuwa kwao picha ya kiumbe chenye roho ni haramu, iwe ya Keïta, ya Amin au yangu. Hadithi za Mtume zinazowaonya watengeneza sura ni sahihi na nzito, na sizipuuzi. Atakayetengeneza sura atatakiwa Siku ya Kiyama aipulizie roho, na hataweza. Mwanzoni mwa karne ya 20, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala kuhusu jambo hili akasema picha ya kamera si kuumba sura bali ni kuzuia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu ameshakiumba, sawa na sura inayoonekana kwenye kioo. Wengine, hasa wanazuoni wa Saudia, hawakumkubalia, wakaruhusu ya dharura tu, kama ya paspoti. Mimi nimeifuata kauli ya Bakhit baada ya kuzisoma pande zote mbili na kumuuliza maalimu wangu, ambaye aliniambia, mwanangu, kauli ipo, lakini usije ukadhani umeumba kitu.

Neno lake hilo nimelishika kuliko fatwa yenyewe. Mpiga picha anayehusudiwa huelekea mahali hapo kwa urahisi sana, pa kudhani ameumba. Watu husema picha ya Keïta, picha ya Amin, na yule bwana mwenye ua anakuwa wa Keïta, na yule mama wa Korem anakuwa wa Amin. Na mpigaji mwenyewe huweza kutwaliwa vivyo hivyo. Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyefariki mwaka 2009, alipiga picha zaidi ya 100,000 za watu wa mitaani na hakumwonyesha karibu mtu yeyote. Nyingine hata filamu zake hazikusafishwa. Masanduku yake yaliuzwa mnadani mwaka 2007, na leo ulimwengu unamshangilia. Picha zake zinanivutia. Lakini kila ninapozitazama nahisi nimeingia chumba cha mtu bila kubisha hodi, maana hakuna aliyempa fursa ya kusema ndiyo au la. Aliwatazama wengine maisha yake yote, na sisi tukamwonyesha bila idhini yake.

Turudi Bamako. Baada ya uhuru wa Mali wa 1960, serikali ilimtaka Keïta awe mpiga picha wake, na miaka michache baadaye studio yake ikafungwa. Negativu zake, maelfu kwa maelfu, alizihifadhi masandukuni. Mwaka 1991 picha zake chache zilitundikwa kwenye maonyesho New York, na pembeni pameandikwa kwamba mpigaji hajulikani. Mfaransa mmoja, André Magnin, akasafiri hadi Bamako kumtafuta mwenye jicho lile, akampata hai. Mwaka 1994 maonyesho yake yakafanyika Paris, na kufikia kifo chake mwaka 2001 jina lake lilikuwa linatajwa katika wakubwa wa karne nzima.

Watu husimulia kisa hiki kama kisa cha bahati: mzee aliyefichika akagunduliwa. Mimi nakisoma tofauti. Kwa takriban miaka thelathini baada ya studio kufungwa dunia haikumjua, na picha zile zilikuwa nzuri vile vile. Hazikuongezeka uzuri zilipofika Paris. Yule bwana wa ua alikuwa ameshapewa haki yake siku ile, uani, alipolipa na kwenda zake na picha ya kiganja kumwonyesha mamake au mchumba wake. Yaliyofuata ni ya dunia. Hilo ndilo jibu nililolipata kwa swali langu la mwanzo, na nimelipata kwa kumtazama mtu maarufu katika miaka ambayo hakuwa maarufu. Ninachochukua kwake ni kile ambacho kingebaki hata kama Magnin asingepanda ndege.

Usiku mmoja wa kupamba, bibi mzaa mama wa bi harusi aliniita pembeni, akanishika kiwiko.

"Mwanangu, hizi picha zitakwenda wapi?"

"Zitakuja kwenu, bibi."

"Na kwako wewe?"

"Kwangu haibaki hata moja."

Akanitazama sana. "Haya. Basi mpige vizuri, mwanangu, maana Mola anaona."

Sijasikia mhadhara wa ikhlasi, yaani kutenda kwa ajili ya Mungu pekee, uliofupishwa vizuri zaidi ya huo. Mtu aliyekuwa na sababu zote za kunitaka nifanye kazi ya kupita tu, kwa kuwa haitaonwa, ndiye aliyenitaka niifanye vizuri zaidi, na sababu ni ile ile. Niliporudi jukwaani nilibadilisha lenzi, nikasogea karibu, nikangoja. Nilingoja mpaka msichana akasahau kwamba nipo, akauinua mkono kurekebisha kipini cha pua kilichokuwa kikimwasha, na mwanga wa taa ya pembeni ukapita katikati ya vidole.

Lakini liko jambo moja ambalo mabwana zangu wote wawili wameniachia deni, na hapa shaka ya Ibn al-Haytham imenifaa. Bwana wa ua hana jina. Wateja wengi wa Keïta, ukifungua vitabu vya picha zake, wameandikiwa tu kwamba picha haina kichwa, na mwaka. Watu wa Korem, isipokuwa wachache, hawana majina. Walioonwa na dunia nzima hawajulikani ni kina nani, na wajukuu wao wakizipita picha hizo ukutani hawatajua kwamba wamepita mbele ya bibi yao. Keïta hakuwa na haja ya kuandika, kwa kuwa mtu alikuwa anaichukua picha yake kwenda nayo nyumbani anakojulikana. Amin alikuwa anakimbizana na mauti. Nawaelewa wote wawili, na bado naona kwamba amana haikukamilika.

Hapa pwani hatuna udhuru wao. Studio za zamani zilijaa, kuanzia Capital Art Studio ya Unguja iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, hadi Bakor Studio ya Lamu, na picha zake zimo ndani ya makasha yetu, chini ya kanga za mabibi, zikiliwa na unyevu. Nimeletewa nyingi nizinakili. Nauliza, huyu ni nani? Naambiwa, huyu alikuwa jirani, huyu nadhani ni upande wa babu, huyu mama angemjua lakini mama ameshafariki.

Basi nakuomba, msomaji, wiki hii, kabla wazee waliobaki hawajaondoka, toa albamu. Kaa na bibi au na shangazi mkubwa, muulize moja baada ya moja. Geuza picha, chukua penseli laini, maana wino hupenya na kuharibu, uandike nyuma jina kamili la kila aliyemo, mtaa, na mwaka kama unajulikana. Kisha uirudishe kabatini, na ufunge.